Re: Macho anayo, mbona anaukimbilia kila mpira?

Kocha, umeuliza mbona kijana wako wa besiboli hapo Kisumu anaona vizuri lakini anaupigia kila mpira, hata ule unaodondoka chini. Mimi singeyalaumu macho. Tazama mikono.

Mpira wa kilomita 145 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, na kuzungusha gongo pekee kunakula kama 0.15. Anayetupa mikono mbali na mwili, kama anafyeka nyasi, lazima aanze mapema, kabla hajajua ni mpira gani. Hapo haamui, anabahatisha. Mwenye viwiko karibu na mbavu huanza baadaye na bado akawahi, kwa hivyo anapata nafasi ya kuuacha upite.

Hapa Nakuru tunatumia ua wa waya. Mpigaji anaegemeza mpini kitovuni, ncha iguse ua, halafu anazungusha gongo papo hapo bila kukwaruza waya. (Wiki ya kwanza jirani alilalamikia kelele kila jioni.) Mguu wa mbele nao, akiukanyagia uzito wote mapema, hawezi tena kujizuia.

Anza na mipira ya taratibu, kisha uniambie anaacha mingapi.