Jibu: Mtoto ninayemlea analipuka kengele ikilia

Pole dada. Umesema mtoto unayemlea hujificha chini ya dawati au kurusha vitabu kengele ya shule ikilia, na mwalimu anamwita mtukutu. Si utukutu huo. Mwili wa mtoto aliyeishi kwa hofu tangu uchanga hushtuka kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri, ndiyo maana "kwa nini umefanya hivi?" haimfikii kabisa wakati ule. Mwombe mwalimu amdokeze dakika chache kabla ya kengele. Mtoto akishtuka, mwalimu achuchumae pembeni yake, aongee kwa sauti ya chini, wapumue pamoja taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Maswali baadaye, akishatulia. Na tafadhali, asitengwe peke yake kama adhabu; mtoto aliyewahi kuachwa hurudi kwenye hofu ile ile ya kuachwa. Mimi ningeanza na mtu mzima mmoja pale shuleni, yule yule kila siku, wa kumkimbilia.