Fedha za mafuriko haziwezi kulipia jela ya Harris
Ndugu, umeuliza kwa nini Kaunti ya Harris, huko Texas, isitumie fedha za mafuriko kulipia gharama za kupeleka mahabusu wake katika jela za Louisiana na Mississippi. Fedha hizo zimefungwa kisheria: hati fungani za dola bilioni 2.5, ambazo wapiga kura waliziidhinisha tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja baada ya Kimbunga Harvey, ni mkopo wa miradi ya kupunguza mafuriko, kama kupanua mikondo ya maji, kuchimba mabwawa na kununua nyumba zilizo mabondeni, ilhali jela huendeshwa kwa bajeti ya kawaida. Jela husimamiwa na sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, ambaye naye huchaguliwa na wananchi, lakini bajeti yake hupitishwa na baraza la makamishna lenye wajumbe 5, na hapo ndipo penye mvutano halisi. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi ni matunzo ya miradi hiyo ya mafuriko, kwa kuwa mkopo hujenga bwawa lakini haulifyeki; ndiyo maana Novemba 2024 wapiga kura waliombwa kupandisha kodi ya kudhibiti mafuriko, nao wakakubali kwa tofauti ndogo ya kura.