Risasi zako ndizo zikuchagulie mtutu

Mtutu wangu wa kwanza niliununua kwa macho. Ulikuwa wa inchi 16, unang'aa, na muuzaji aliapa kwamba unapiga risasi tano mahali pamoja. Nilikuwa natoka kwenye bastola. Nikataka bunduki ya bega inayokula risasi zilezile za milimita 9 ninazojijazia gereji (ganda lililotumika nalitia baruti na kichwa kipya), niingie nayo kwenye kundi la PCC, yaani bunduki za bega zinazotumia risasi za bastola, la mashindano ya USPSA, chama cha Marekani cha kulenga shabaha kwa kasi, hapa Ohio. Hesabu ilikuwa nyepesi: silaha mbili, ndoo moja ya risasi.

Mashindano ya pili, risasi ikakwama. Boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, haifungi, haifunguki. Nilipoivuta kwa nguvu, ganda likatoka peke yake. Kichwa, ile sehemu inayoruka, kilibaki kimeng'ang'ania ndani ya mtutu, baruti ikamwagika kwenye mashine na magazini. Siku yangu ikaishia pale. Na risasi za ndoo hiyohiyo bastola yangu ilikuwa imezila kwa mamia bila kukohoa.

Kosa halikuwa la mtutu wala la risasi. Havikuoana tu. Mbele ya chemba, yaani nyumba ya ganda, kuna kipande kifupi kisicho na mifereji ile inayozungusha kichwa. Mimi nakiita koo. Mitutu mingine ina koo refu, mingine fupi mno, kwa sababu watengenezaji wengi wanawaza risasi za kiwandani zenye kichwa chembamba cha duara. Sisi tunaojijazia tunapenda vichwa vya bei nafuu, vya madini ya risasi yaliyopakwa rangi (Kiswahili kimetupa jina moja kwa madini na kwa kitu chenyewe, vumilieni). Vichwa hivyo kwa kawaida vina kipenyo cha inchi 0.356 badala ya 0.355, na vingi vina mabega manene, kwa hiyo vinagusa mifereji mapema. Ukomo wa urefu wa risasi ya 9 ni milimita 29.69, lakini unaweza kuwa chini yake kabisa na bado ukakwama, maana kinachogusa ni bega, si ncha.

Usilichukulie hili kama kero ya kupoteza sekunde. Bunduki nyingi za aina hii hazina kufuli. Boliti hushikilia ganda kwa uzito wake na springi tu. Risasi ikiishia njiani kisha ikalipuka, ganda linapasuka mahali ambapo chuma hakilishiki, na gesi inatafuta njia kupitia magazini, karibu na mkono wako. Hii si gobore unayoshindilia chochote kinachoingia.

Kwa hiyo kabla ya kununua, au angalau ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, tengeneza risasi bandia tatu au nne, bila fataki (kiwashio cha kwenye kitako) wala baruti, kwa kila kichwa unachotumia. Simamisha mtutu ukiwa umefunguliwa, tundu la chemba juu, udondoshe risasi. Usikie "tak" kavu. Izungushe kwa kidole: izunguke bila kukwaruza. Pindua mtutu: idondoke yenyewe. Ikigoma, ipake wino wa kalamu nene, iingize tena, usome alama. Wino ukifutika kwenye bega la kichwa, koo ni fupi. Ukifutika kwenye mdomo wa ganda, hukuubana vya kutosha. Mdomo usizidi milimita 9.65. Ukifutika karibu na kitako, ganda limevimba, na hapo shida ni mashine yako ya kurekebisha maganda. Kile kipimo cha chuma cha mezani, chenye tundu la kujaribia risasi, ninacho pia, lakini hakijui koo la mtutu wangu.

Wengi watakwambia ukizamishe kichwa zaidi ndani ya ganda. Inawezekana, ila nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda, kwa hiyo unaanza upya kutoka kiwango cha chini cha baruti kwenye kitabu cha kujijazia. Mimi sikutaka kuwa na ndoo mbili. Fundi bunduki anaweza kuliongeza koo kwa kekee maalumu, lakini muulize kwanza: mtutu uliopakwa kromu ndani au uliokomazwa kwa naitraidi ni mgumu, na mafundi wengi wanaukataa.

Angalia pia mteremko wa kuingilia chemba. Nataka uwe mpana kama faneli na laini, kwa sababu vichwa bapa vinajikwaa kwenye kona kali. Risasi ikigonga pale inaweza kusukumiwa kichwa ndani, na tumeshaona kinachofuata.

Mengine hayanisumbui. Mifereji inayozunguka mara 1 kila inchi 10 inatosha kwa vichwa vya uzito wa greni 115 hadi 147 (greni 15 ni karibu gramu moja). Inchi 16 ndiyo ndogo kabisa ambayo sheria ya Marekani inairuhusu kwa bunduki ya kawaida bila usajili wa ziada, na kurefusha zaidi ya hapo hakukupi kasi ya maana kwa milimita 9. (Ndugu zangu mlioko Tanzania na Kenya: kujitengenezea risasi bila kibali huko ni jinai. Huku, anayejijazia mwenyewe haulizwi leseni na serikali kuu. Anayezitengeneza kwa biashara ndiye anayeulizwa.)

Mtutu nilionao sasa si mzuri wa sura, na kwenye karatasi unatawanya zaidi kidogo ya ule wa kwanza. Niliununua baada ya kumwandikia mtengenezaji nikimuuliza kama koo lake linapokea kichwa changu cha greni 147 kwa urefu ninaojazia, naye akajibu kwa namba. Ule unaong'aa nilimuuzia jamaa wa klabu anayetumia risasi za dukani tu. Haujamkwamia hata siku moja.