Maswali ya Wasomaji: Septemba ya Besiboli na Michezo ya Majira ya Vuli

SWALI: Mhariri wa safu hii, salamu. Ninaishi Minneapolis na kazini nimezungukwa na mashabiki wa besiboli. Ikifika Septemba hawana mazungumzo mengine ila msimamo wa ligi na nani yuko mechi ngapi nyuma ya nani, ilhali mimi naona bingwa hupatikana Oktoba katika mtoano. Isitoshe, hiyo hesabu ya "mechi nyuma" hainiingii akilini kwa sababu nimezoea pointi. Naomba unifafanulie, kisha useme bila kuficha kama msimu huo mrefu una maana yoyote. (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Besiboli haina pointi. Timu hupangwa kwa ushindi na vipigo vyake. Chukua tofauti ya ushindi kati ya timu mbili, ujumlishe na tofauti ya vipigo, kisha ugawanye kwa mbili. Kinara akiwa ameshinda mechi 90 na kupoteza 60, na anayemfuata ameshinda 85 na kupoteza 65, huyo wa pili yuko mechi 5 nyuma. Ukitaka kujua kinara amebakiza nini ili atawazwe, toa katika 163 (mechi 162 za msimu, ongeza moja) idadi ya ushindi wake pamoja na idadi ya vipigo vya mfuasi wake. Katika mfano wetu inabaki 8, na kila kinara anaposhinda au mfuasi anapofungwa inapungua kwa moja, hadi itakapofika sifuri. Naamini wenzako wanapoingia kazini asubuhi, namba hiyo wameshaiangalia.

Sasa nije kwenye swali lako zito. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba msimu wa mechi 162 ndio kipimo cha kweli cha timu ya besiboli, na kwamba kuiwania bendera ya ligi, yaani ubingwa wa ligi, kwa miezi sita ni tendo kubwa kuliko kushinda mechi nne za Oktoba. Sababu yangu imo katika mchezo wenyewe. Kwa kawaida timu huwa na warushaji watano wa kuanza mechi, na kila mmoja hupumzika siku nne au zaidi kabla ya kurudi uwanjani, kwa hiyo timu inayocheza karibu kila siku hailindwi na mrushaji mmoja hodari. Lazima wa tano naye awe na uwezo, na wa akiba anayepandishwa Julai kuziba pengo la majeruhi naye awe na uwezo. Oktoba hali hubadilika, kwa sababu siku za mapumziko huongezeka na kocha anaweza kuegemea warushaji wake watatu au wanne bora na kuwaweka wengine benchi. Ligi hupima upana wa kikosi, mtoano hupima makali yake ya wiki moja, na katika mchezo ambao hata mabingwa hufungwa takriban mechi 60 kwa mwaka, wiki moja haisemi mengi.

Hayo hayakuwa mawazo ya mtu mmoja mmoja tu, kwani ndivyo mashindano yenyewe yalivyopangwa zamani. Hadi mwaka 1968, kila moja ya ligi mbili kuu, American League na National League, ilikuwa na msimamo mmoja, na aliyemaliza kileleni alitwaa bendera na kwenda moja kwa moja kwenye fainali ya World Series. Wa pili alirudi nyumbani. Ndiyo maana Septemba ya mwaka 1964 haijasahaulika Philadelphia: Phillies waliongoza kwa mechi 6 na nusu zikiwa zimebaki 12, wakapoteza 10 mfululizo, na St. Louis Cardinals wakaichukua bendera. Ndiyo maana pia mwaka 1951 bado unasimuliwa New York, ambapo Giants walikuwa mechi 13 na nusu nyuma ya Brooklyn Dodgers mwezi Agosti, wakamaliza msimu wakiwa sawa nao, na tarehe 3 Oktoba, katika mechi ya ziada ya kuamua, Bobby Thomson akaupiga mpira wa Ralph Branca ukaangukia jukwaani upande wa kushoto, bendera ikawa yao.

Kisha milango ikaanza kufunguliwa. Mwaka 1969 kila ligi iligawanywa kanda mbili. Mwaka 1995 mtoano ukaanza kutumia kanda tatu pamoja na nafasi moja ya nyongeza kwa timu bora isiyo bingwa wa kanda. Mwaka 2012 nafasi hizo zikawa mbili, na tangu 2022 ni tatu. Leo timu 12 kati ya 30 huingia katika mtoano. Matokeo yake tunayaona. Seattle Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001 na hawakufika hata fainali, ilhali Cardinals wa mwaka 2006, walioshinda 83 tu, walitwaa ubingwa. Sisemi kwamba Cardinals waliiba kitu. Walizishinda mechi walizopangiwa. Ninachosema ni kwamba wenzako wanaohesabu mechi Septemba wanafuatilia jambo lenye uzito wake lenyewe, wala si utangulizi wa jambo jingine.

SWALI: Ndugu mhariri, katika toleo lililopita ulitamani nafasi za nyongeza zipunguzwe hadi moja kwa kila ligi. Sikubaliani nawe. Mwaka 2016 timu yetu ya Blue Jays iliingia kwa nafasi hiyo na kufika nusu fainali, na jiji zima lilifurahi. Zaidi ya hayo, usiku uliosisimua kuliko yote katika besiboli ya karne hii, wa tarehe 28 Septemba 2011, ulitokana na nafasi hizo hizo unazozilaumu. Huoni kwamba unajipinga? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Ndugu yangu wa Toronto, umechagua mfano mzuri, na kwa kuwa huenda wasomaji wengine hawaujui, acha niusimulie.

Mwanzoni mwa Septemba 2011 Boston Red Sox waliwaacha Tampa Bay Rays kwa mechi 9 katika kuwania nafasi moja ya nyongeza ya American League. Mwezi mzima wakashinda mechi 7 na kupoteza 20, na siku ya mwisho ikawakuta timu hizo mbili ziko sawasawa. Boston walikuwa Baltimore, ambako mvua ilisimamisha mchezo kwa zaidi ya saa nzima. Walipoingia awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, waliongoza 3–2. Mrushaji wao Jonathan Papelbon alikuwa ameshawatoa wapigaji wawili kati ya watatu wanaohitajika, na hapakuwa na mpinzani hata mmoja kwenye vituo. Chris Davis akapiga akafika kituo cha pili. Nolan Reimold naye akapiga, ikawa 3–3. Robert Andino akausukuma mpira chini chini kuelekea kushoto. Carl Crawford akaja mbio, akajitupa kwa kuteleza, mpira ukagusa glavu na kudondoka, na Boston wakalala 4–3. Wakati huo huo, huko Florida, Rays waliokuwa nyuma 7–0 dhidi ya Yankees walikuwa wamefunga sita katika awamu ya nane, na Dan Johnson akiwa amebakiza mrusho mmoja tu atolewe na mechi iishe, akauvusha mpira nje ya uzio na kusawazisha. Dakika tatu hivi baada ya Boston kufungwa, Evan Longoria akapiga mpira uliopita juu ya ukuta mfupi wa upande wa kushoto. Rays wakaingia, Boston wakaaga.

Sasa ninakuomba uutazame msimamo wa ligi wa siku hiyo. Yankees, Rangers na Tigers walikuwa mabingwa wa kanda zao; Rays walimaliza na ushindi 91, Red Sox 90, na nyuma yao Angels walikuwa na 86. Kwa kanuni za leo, timu zote tatu zingefuzu. Papelbon angeweza kupumzishwa, Crawford asingekuwa na sababu ya kujitupa, na Johnson angepiga mpira ule mbele ya watu waliokwisha kuhakikishiwa Oktoba yao. Usiku ule ulikuwa mkubwa kwa sababu palikuwa na mlango mmoja na timu mbili. Kwa hiyo siupingi mfano wako, bali ndio hoja yangu yenyewe: nafasi moja ya nyongeza huipa Septemba makali, lakini nafasi tatu huyaondoa.

Nakubaliana nawe katika jambo moja, nalo ni kwamba bendera ya kale ilikuwa katili mno. Mwaka 1993 San Francisco Giants walishinda mechi 103 na wakabaki nje kwa sababu Atlanta Braves, waliokuwa kanda moja nao, walishinda 104. Timu ya namna hiyo inastahili mlango wa pili. Timu yenye ushindi 84 haistahili, ingawa Arizona Diamondbacks walifika fainali ya mwaka 2023 kwa idadi hiyo hiyo, huku Braves wenye ushindi 104 wakiwa wameshatolewa mapema.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo linaihusu timu yako. Mwaka 2025 Blue Jays na Yankees walimaliza wote na ushindi 94 katika kanda moja. Zamani wangecheza mechi moja ya ziada, kama Yankees na Red Sox walivyofanya tarehe 2 Oktoba 1978, Bucky Dent alipovusha mpira juu ya ukuta mrefu wa Boston. Kanuni za sasa zimeifuta mechi hiyo, na ubingwa wa kanda ukaenda Toronto kwa rekodi ya timu hizo zilipokutana zenyewe. Mliupata kwa haki, lakini mashabiki walinyimwa siku ambayo wangeisimulia kwa miaka 50.

Nikiwa shabiki wa Seattle, niseme pia kwamba mwaka huo huo Mariners walitwaa ubingwa wa kanda yao kwa mara ya kwanza tangu 2001, na Cal Raleigh akapiga mipira 60 nje ya uzio. Kisha katika mechi ya saba ya nusu fainali dhidi yenu, tukiongoza 3–1, George Springer akapiga pigo lililoingiza watatu, na tukawa nje. Siku iliyofuata hakuna aliyeutaja ubingwa wa kanda. Kazi ya miezi sita ilifunikwa na pigo moja, na hilo siwezi kulizoea.

SWALI: Mhariri, mimi niko Mombasa na nina king'amuzi chenye chaneli za michezo ya Marekani. Kati ya Septemba na Novemba kuna vitu vingi mno. Nifuatilie nini, na saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Futiboli ya Kimarekani ndiyo itakayojaa kwenye skrini yako: vyuo vikuu hucheza zaidi Jumamosi, na ligi ya kulipwa ya NFL zaidi Jumapili. Ninaupenda msimu wa NFL kwa sababu una mechi 17 tu kwa kila timu, hivyo kila kipigo kinauma. Vyuo vikuu vilikuwa na uchungu huo huo hadi mtoano wao ulipopanuliwa mwaka 2024 kutoka timu 4 hadi 12. Mwaka huo Ohio State walifungwa nyumbani na Michigan 13–10, mechi ambayo zamani huenda ingewafungia njia, na bado wakawa mabingwa Januari iliyofuata. Mpira wa kikapu na hoki ya barafu huanza Oktoba, lakini unaweza kuvisubiri. Msimu wao bado ni mchanga.

Usiikose New York Marathon, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2025 Hellen Obiri alishinda kwa saa 2:19:51 na kuvunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Margaret Okayo mwaka 2003. Sharon Lokedi na Sheila Chepkirui waliomfuata nao walikimbia chini ya rekodi hiyo ya zamani. Kwa wanaume, Benson Kipruto na Alexander Mutiso walifika wakiwa wameandikiwa muda mmoja, na Kipruto akashinda kwa tofauti isiyoonekana kwa macho.

Kuhusu besiboli, mechi za fainali huanza saa tisa usiku kwa saa zako, jambo gumu kwa mtu mwenye kazi asubuhi. Kwa hiyo ningekushauri uichague Jumapili ya mwisho ya msimu, mwishoni mwa Septemba. Siku hiyo mechi zote huanzishwa kwa wakati karibu mmoja, mnamo saa nne usiku Mombasa, ili timu isijue mapema matokeo ya mshindani wake. Uwe na msimamo wa ligi mkononi, na uchague timu mbili zinazowania nafasi moja.