Mume wangu aliniacha nyuma kwenye mvua, sasa anataka twende Lushoto

*Assalaam alaykum Somo. Mimi na mume wangu tuna miaka minne kwenye ndoa, tunaishi Unguja mjini, mtoto bado hatujajaaliwa. Yeye ni mwalimu wa skuli na anapenda sana baiskeli. Alinifundisha mwenyewe baada ya harusi, na mimi nikapenda. Mwaka jana mwezi wa Mei tulipanda meli na baiskeli zetu tukaenda Pemba. Tukachukua gari mpaka Konde, kaskazini, ili turudi bandarini Mkoani kwa kuendesha. Siku ya kwanza tulikwenda Ngezi na Vumawimbi, na sisemi uongo, ilikuwa katika siku nzuri za ndoa yetu. Siku ya pili mvua ikaanza asubuhi. Kutoka Wete kwenda Chake yeye akawa mbele, kila mlima anazidi kupotea. Kwenye mteremko mmoja breki hazikushika, nikaanguka, goti likachanika na mkono ukavimba. Nilimpigia simu, kumbe kaifunga kwenye mfuko wa lailoni isiingie maji, hakuisikia. Watu wa nyumba ya jirani wakaniingiza ndani, mama akanipa kanga kavu na chai ya tangawizi, kisha kijana wao akanipeleka Chake kwa bodaboda. Nikamkuta mume wangu barazani anakunywa kahawa. Neno lake la kwanza: "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Sikumjibu. Kesho yake tukapakia baiskeli juu ya gari ya abiria, na hatukusemezana mpaka nyumbani. Sasa anataka Aprili hii tuvuke Tanga, tuendeshe mpaka Lushoto. Nikisema sitaki, ananiambia nadeka. Mama mkwe naye anasema mwanamke kupanda baiskeli ni kujitafutia aibu, na kwamba kule kuanguka kulikuwa funzo. Nikatae? Au baiskeli niiuze yaishe?*

*Wa Nyuma, Unguja*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa lile swali la barazani, maana goti naamini limeshapona.

Nianze na lililo jepesi. Lushoto mwezi wa Aprili, kataa. Wala usione haya kukataa. Kutoka Tanga mtapita Muheza mpaka Segera, na kuanzia Segera kwenda Korogwe na Mombo mtakuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, yenye mabasi yanayowahi na malori ya mizigo. Basi likikupita kwenye mvua linakumwagia wimbi la maji machafu usoni, na kwa muda huoni mbele wala nyuma. Hapo bado hamjauanza mlima. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na masika udongo na mawe huporomoka njiani. Mkifika juu mko kwenye mita kama 1,400, mmelowa, na baridi ya huko sisi watu wa pwani hatuna nguo zake. Kuna watu wanaoweza safari hiyo na wakaifurahia. Lakini si watu wawili ambao mara ya mwisho waliponyeshewa, mmoja alikuwa ameanguka na mwenziwe hana habari.

Hilo la kutokuwa na habari ndilo nililolisoma mara nyingi kwenye barua yako. Mvua haina kosa, hata kuanguka hakuna kosa. Mumeo ana nguvu kuliko wewe kwenye mlima, na hilo nalo si dhambi. Lakini barabara ya Wete na Chake ni vilima mtindo mmoja, na kila kilima kina kilele. Angesimama juu ya kila kilele akageuka, angekuona unakuja au angeona huji. Hakugeuka. Nadhani hakufanya hivyo kwa ubaya. Mwanamume aliyeendesha peke yake miaka na miaka hujizoesha kutazama mbele tu, na kwenye mvua mtu huinamisha kichwa akataka tu afike. Kisha alipofika, ukachelewa, akaingiwa na hofu, na hofu ikatoka mdomoni kwa sura ya hasira. Wanaume wengi wa kwetu hofu yao hutoka hivyo. Simtetei. Nakueleza ninavyoiona ili ujue la kumwambia.

Maana na wewe, mwanangu, hukumwambia. Aliuliza ulikuwa wapi, na mpaka leo hajapata jibu. Yeye anakumbuka safari iliyoharibika kwa mvua na mke aliyenuna. Wewe unakumbuka umelala chini kwenye maji mekundu, unapiga simu inaita bila kupokewa. Hizo ni safari mbili tafauti, na yeye anapanga ya tatu akiwa hajui kama ile ya pili ilikuwepo. Ndiyo maana neno lake likawa "unadeka". Kwa anavyojua yeye, mke alinyeshewa akachukia.

Basi mjibu sasa. Chagua usiku usio na mvua, mmekwishakula, simu zimewekwa pembeni, na chonde usianze wakati ameshafungua ramani ya Tanga. Mwambie: "Mwaka jana uliniuliza nilikuwa wapi, nataka kukujibu." Kisha mhadithie yote kwa utulivu, kuanzia ulipoacha kumuona. Mwambie breki zilivyokataa, nani alikunyanyua, kanga ile ilikuwa ya rangi gani. Usimwambie "hunijali", maana neno hilo atalibishia na mtaishia kubishana. Kanga na chai ya tangawizi hawezi kuvibishia. Akimaliza kusikiliza, mwambie sharti lako: ukitaka kwenda na mimi, anayesema tusimame ni mimi.

Akiona sharti hilo kubwa, mkumbushe kisa cha Anjasha, ambacho mwalimu wa skuli bila shaka amewahi kukisikia. Anjasha alikuwa mwongoza ngamia mwenye sauti nzuri ya kuwaimbia, na ngamia wakiisikia huongeza mwendo, na juu yao wamepanda wanawake. Mtume (s.a.w.) akamwambia apunguze, awaendeshe taratibu kama aliyebeba vyombo vya kioo. Hakuwaambia wanawake wajikaze. Alisema na anayeshika mwendo.

Sasa mambo ya njiani, kwa sababu sharti bila utaratibu hufa kwenye kilima cha kwanza.

Kwenye mteremko na kwenye matope, wewe uwe mbele. Hapo mwendo ni wako, na yeye anakuona. Kwenye upepo wa mbele mambo hugeuka: yeye atangulie akukinge, lakini karibu, asikuache hata urefu wa gari moja, maana ukiachwa zaidi ya hapo kinga inazidi kupungua na upepo unakuwa wako. Kukiwa na maji barabarani muachane kidogo zaidi, kwa ajili ya breki. Kwenye kupanda kila mtu na pumzi yake, ila wa kwanza kufika juu anasimama, anageuka, anangoja. Na mwenzako akifika umpe muda apumzike, si yeye anafika na wewe unaondoka, mwenye kuhitaji mapumziko akawa hakuyapata.

Anayetaka kusimama haulizwi kwa nini. Hilo mkubaliane nyumbani. Simu moja ikae mahali inaposikika, mfuko wa lailoni uwe kifuani na sio ndani kabisa ya mzigo.

Breki zako nataka nizieleze, kwa sababu nahisi unajilaumu. Kama baiskeli yako ina breki za mpira zinazobana rimu, kwenye mvua mpira huteleza kwanza juu ya maji. Unabana, hakuna kinachotokea. Unataharuki, unabana kwa nguvu zote. Mara rimu inafutika maji, breki inashika kwa ghafla, gurudumu linakwama, na baiskeli inakuchomoka. Ongeza ule udongo mwekundu wa Pemba ambao mvua huusomba mpaka juu ya lami, unaoteleza kama mlenda. Kumtokea mtu hivyo si kutojua kuendesha. Dawa yake ni kuanza kubana kidogo kidogo tangu juu kabisa, kabla hujahitaji, rimu iwe inajifuta njia nzima, na kuitegemea zaidi breki ya nyuma palipo na matope. Mumeo aliyekufundisha kuendesha kwenye ukavu ana deni la kukufundisha kuendesha kwenye maji. Mwende kiwanjani siku ya mvua ya manyunyu, mfanye mazoezi ya kusimama tu, mpaka mkono wako uzoee.

Radi ikianza, mnaacha baiskeli na kuingia kwenye nyumba au gari. Mwembe na mnazi si kinga, ndivyo vinavyopigwa. Kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Na msidharau baridi kwa sababu tuko Zanzibar. Nguo iliyolowa, upepo, na mwendo wa mteremko vikikutana, mtu hutetemeka mpaka vidole vinashindwa kubana breki. Akianza kutetemeka au maneno yakimtoka mazito, safari ya siku hiyo imekwisha. Nguo kavu, kitu cha moto, kama alivyofanya yule mama. Yeye alijua la kufanya kuliko mwenye ramani.

Kuhusu mama mkwe, nitakuwa mkweli: si kazi yako kumjibu. Mheshimu, mwamkie, mpikie akija, na maneno yake ya aibu ayajibu mwanawe. Yeye ndiye aliyekuleta kwenye baiskeli, na yeye ndiye anayeweza kumwambia mama yake, "Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi ndiye ninayekwenda naye." Kauli hiyo moja ikitoka kwake itakufaa kuliko hoja zako mia. Wanafunzi wa kike wanaendesha kwenda skuli na mitandio yao kichwani, hapa Unguja na huko Pemba, na stara yao iko pale pale. Wewe vaa suruali pana chini, gauni la magotini au chini kidogo, ufunge vizuri upande wa mnyororo. Baibui lililoachwa lipepee ndilo la kuogopa, likiingia kwenye njiti za gurudumu linakuangusha hata siku ya jua.

Baiskeli usiiuze. Umeniandikia mwenyewe kuwa Vumawimbi ilikuwa katika siku nzuri za ndoa yenu, na mtu hauzi kitu kama hicho kwa sababu ya siku moja mbaya. Mimi badala ya Lushoto ningemuomba arudi na mimi Pemba, njia ile ile, ila kwa mpango mwengine. Ngojeni Julai, masika yamepita na kipupwe kimeingia, mvua ikiwepo ni manyunyu. Na mwende kinyume na mlivyokwenda. Mwezi wa Mei kusi limeshaanza kushika, na nyinyi mlikuwa mnatoka Konde kwenda Mkoani, yaani mnaelekea kusini, uso kwa uso na upepo. Nusu ya uchovu wako ilikuwa hiyo, na hakuna aliyekwambia. Ukishuka melini Mkoani ukapanda baiskeli hapo hapo kuelekea kaskazini, kusi linakusukuma mgongoni. Kama mnataka kutoka Konde kuja Mkoani, basi iwe kaskazi, Januari au Februari, nalo joto lake mlikwepe kwa kuondoka baada ya sala ya alfajiri.

Pemba yote haifiki kilomita 70 kwa urefu, haina sababu ya kukimbizwa. Mkoani mpaka Chake ni kama kilomita 30 za vilima, zinatosha siku nzima. Laleni Chake. Kesho yake Wete, kilomita kama 30 nyengine. Na kati ya hapo simameni kwenye ile nyumba. Mumeo aingie mwenyewe, awasalimie, awapelekee sukari na majani ya chai au chochote cha heshima, na amshukuru yule mama kwa mdomo wake kwa kumsitiri mkewe. Asikutume wewe. Sidhani kama atahitaji tena kuambiwa asimame juu ya vilima.

Na akikataa? Akisikia kisa chote, cha goti na cha simu, kisha bado akasema unadeka na Lushoto ni lazima, usiende. Mwache aende na wanaume wenzake, wewe ubaki, na uniandikie tena, kwa sababu hapo tutakuwa hatuzungumzi habari za baiskeli.

Wakati unangoja jibu lake, itoe hiyo baiskeli stoo. Tangu Mei imekaa na matope ya Pemba na hewa yetu hii ya chumvi, mnyororo utakuwa umeshika kutu. Mpelekee fundi auvue, aufue kwa mafuta ya taa, aukaushe, kisha autie mafuta mepesi, na mpira wa breki za mbele na nyuma abadilishe. Kaa naye pale umtazame anavyofanya. Mara ya pili uweze mwenyewe.