Ukimwambia bibi utakuja Ijumaa, nenda Ijumaa

Jirani yetu hapa Majengo ni bibi wa miaka 70 na kitu, watoto wake wawili wako Doha, mwengine kaolewa Malindi, yeye kabaki peke yake kwa ile nyumba ya vyumba sita ambayo zamani ilikua imejaa watu. Mimi nilikua nampita tu barazani, salamu mbili tatu naenda zangu. Siku maji yamekatika mtaa mzima nikambebea mtungi wa lita 20, akaniambia kaa kidogo mjukuu wangu, tukakaa hapo barazani masaa mawili anihadithia tu.

Nikamuahidi kila Ijumaa baada ya sala nitakuja. Nikaenda wiki mbili, ya tatu kulikua na mechi, ya nne nikasahau kabisa. Niliporudi hakulalamika, alisema tu zile Ijumaa mbili alipika mahamri na mbaazi za nazi akangoja mpaka magharibi, halafu akawagaia watoto wa madrasa. Wallahi niliona haya, na nikikumbuka bado naona haya. Kwa hivyo vijana wenzangu, kama huwezi kila wiki sema mara moja kwa mwezi, lakini hiyo moja uishike. Ramadhani sote tunakumbuka kupeleka tende na unga tukapiga na picha, na hio miezi 11 mingine je?

Kitu chengine, usiende kutoa tu, muombe na yeye akupe. Huyu bibi nilimuomba anifunze kushona kofia ya mkono, na hapo ndio alibadilika, akawa yeye ndio mwalimu, ananigombeza, ananifumua nilichoshona anasema rudia! Kabla ya hapo kila nikifika alikua aniambia pole mwanangu nakusumbua, sahii hasemi tena.

Simu ndio msaada mkubwa kuliko vile nilivyodhania. Niliongeza ukubwa wa maandishi, nikaweka picha za wanawe abonyeze uso badala ya kutafuta jina, na kwa vile Doha na sisi saa ni moja tukapanga wampigie video baada ya isha wakitoka kazini. Bando naweka mimi, si pesa nyingi.

Lakini hapa kwa pesa muwe makini sana. Wazee wengi wanapata zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa serikali ya Kenya kwa wazee, na atakuambia shika simu nitolee, namba ya siri ni hii. Kataa kwa adabu. Mpeleke kwa wakala, abonyeze mwenyewe, wewe geuza uso, na wanawe wajue unamsindikiza. Siku pesa ikipungua, hata kama ni makato tu, hutaki kua wewe uliyejua hio namba.

Na wavulana, kama bibi yuko peke yake kaeni barazani ama uende na dadako, ndio adabu yetu na majirani watakua na amani. Kama hasikii vizuri muulize sikio lipi zima ukae upande huo, usimpigie makelele.

Na ukipata dharura, mpigie asubuhi kabla hajakanda unga.