Mfungo wa Esta tunaujua, sikukuu yake je?

Ukitaja Esta katika kanisa lolote la mjini hapa Tanzania, watu wanajua la kufanya: siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Makongamano ya akina mama hayapiti mwaka bila sura ya nne, na maneno "wakati kama huu" yameshachapwa kwenye fulana na mabango ya kila rangi. Mfungo huo nimeufunga mwenyewe na sina ugomvi nao. Ila kitabu cha Esta chenyewe kinaishia kwenye sikukuu. Sura ya tisa inaeleza jinsi Mordekai, ndugu aliyemlea Esta, alivyowaandikia Wayahudi wa majimbo yote waiadhimishe kila mwaka, kwa karamu, kupelekeana vyakula na kuwapa maskini. Sikukuu hiyo ni Purimu, na Wayahudi hawajaiacha mpaka leo.

Mimi niliikuta Arava, kusini mwa Israeli, nilipokuwa kwenye mafunzo ya kilimo, ile mipango inayowachukua vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda wakafanye kazi mashambani huku wakisoma. Karibu na siku yenyewe watoto wa kijiji walianza kwenda shule wamevaa mabawa, taji na sare za polisi. Kila niliyemuuliza sababu alinipa jibu lake, na majibu hayakulingana. Hapo ndipo nilipoanza kuisoma kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaoutumia sasa na kundi letu la Biblia. Nauandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuielewa Purimu kuanzia kwenye Maandiko yenyewe.

Anza kwa kukisoma kitabu chote kwa mkao mmoja, kwa sauti. Sura ni 10 na nyingine fupi sana. Chini ya saa moja mmemaliza. Wayahudi wanakisoma hivyohivyo, chote, usiku na tena kesho yake mchana, kutoka kwenye gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, ambalo wanaliita Megila. Sisi tumezoea kuchuna aya, na Esta akichunwa aya hubaki msichana mzuri aliyeomba akajibiwa. Mkimsikiliza mfululizo mnaanza kusikia mambo mengine. Mnasikia karamu: ya siku 180, kisha ya siku 7, ya Vashti, ya kutawazwa kwa Esta, halafu zile mbili ambazo Esta anamwalika mfalme pamoja na Hamani, mkuu wa ikulu aliyepanga kuwaangamiza Wayahudi. Mnaona namna kila kitu kinavyogeuka. Pete aliyopewa Hamani inaishia mkononi mwa Mordekai. Heshima aliyojipangia Hamani, ya vazi la kifalme na farasi, anaamriwa akampe adui yake na amwongoze barabarani kwa mkono wake mwenyewe. Mti wa dhiraa 50 alioutengeneza usiku, yeye ndiye anayetundikwa.

Na mkisoma mpaka mwisho, mtu mmoja lazima atauliza: Mungu yuko wapi? Katika maandishi ya Kiebrania hatajwi kwa jina hata mara moja. Kuna usiku ambao mfalme anakosa usingizi, mwanzoni mwa sura ya sita, na kila kitu kinageukia hapo. Kwa nini alikosa usingizi, mwandishi hasemi. Usimjibie haraka. Mimi huliacha swali hilo kwenye kikao mpaka watu wakereke kidogo.

Jambo moja la kuangalia ni Biblia uliyoshika. Zile za Kikatoliki zina Esta mrefu zaidi, kwa sababu zimebeba nyongeza zilizotoka kwenye tafsiri ya Kigiriki, zikiwemo sala ya Mordekai na sala ya Esta. Humo Mungu anatajwa sana. Ni vizuri kuzisoma, lakini hazimo kwenye gombo linalosomwa sinagogi, na kundi lenye Biblia mchanganyiko litabishana bure msipolisema hilo mapema. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaosoma hapa: Haman wa kwenye Qur'ani yuko kwa Firauni, Misri. Huyu wetu yuko Shushani, Uajemi, mji ambao magofu yake yako Iran ya leo. Msichanganye visa.

Baada ya kusoma, chukua kalamu upigie mstari tarehe. Hapa ndipo nilipopata faida kuliko kwenye mahubiri yoyote niliyowahi kusikia juu ya Esta. Karamu kubwa ni mwaka wa 3 wa mfalme Ahasuero, mume wa Esta. Esta anaingia kwa mfalme mwaka wa 7. Hamani anapiga kura, yaani puri, mwaka wa 12, mwezi wa kwanza, Nisani, na kura inaangukia mwezi wa mwisho, Adari. Kwa hiyo watu wana miezi kumi na moja ya kuingoja siku ya kufa. Sasa tazama 3:12: barua za kuwaangamiza ziliandikwa tarehe 13 Nisani. Fungua Kutoka 12 uone kinachofanyika tarehe 14 Nisani jioni. Ni Pasaka. Marabi wa kale waliliona hilo: Esta alipoagiza siku tatu bila kula wala kunywa, aliwaambia watu wafunge usiku wa Pasaka, usiku ambao Torati inawaamuru kula. Katika mapokeo yao, Mordekai alimpinga kwanza kwa sababu hiyohiyo, na Esta akamuuliza Pasaka itakuwa ya nani ikiwa Wayahudi hawatakuwepo.

Ukishalijua hilo, ule mfungo unakuwa mzito kuliko tunavyoutangaza. Wayahudi wenyewe hawaurudii kila mwaka. Wana mfungo wa siku moja unaoitwa mfungo wa Esta, kwa kawaida tarehe 13 Adari, kuanzia alfajiri hadi usiku, na kesho yake ni Purimu.

Halafu zije desturi. Kila desturi unayoikuta, iulize aya yake. Nyingine zitakuonyesha mstari palepale, nyingine zitakupeleka kwa marabi, na nyingine hazina aya wala rabi wa kwanza. Zilitoka mitaani zikakaa.

Zenye uzito wa amri ni nne, na zote zinatoka sura ya tisa. Ya kwanza ni kusikiliza Megila. Ya pili ni kupelekeana vyakula: angalau aina mbili zilizo tayari kuliwa, kwa mtu angalau mmoja, mchana wa siku yenyewe. Ya tatu ni kuwapa maskini, angalau wawili. Ya nne ni karamu, nayo ni ya mchana. Maimonides, mwanasheria mkubwa wao wa karne ya 12, aliandika kwamba ni bora mtu aongeze kwenye zawadi za maskini kuliko kwenye karamu yake au vyakula vya kuwapelekea marafiki. Hilo mimi nalipenda kuliko yote, maana sahani za kupelekeana kwa majirani Waswahili tunazijua tangu enzi za bibi zetu, ila sahani huelekea kwenda kwa anayeweza kuirudisha imejaa.

Usomaji wenyewe ukibahatika kuuona, usikae nyuma. Kijijini kule ulifanyika ukumbini, watu wamejazana, karibu yangu mtoto amevaa kama nyuki ameshika kifaa cha mbao chenye gurudumu la meno ambacho ukikizungusha kinakwaruza na kupiga makelele. Msomaji alikuwa amelikunja gombo safu juu ya safu kama barua, kwa sababu kitabu chenyewe kinajiita barua. Kila alipotamka "Hamani" ukumbi ulilipuka: miguu sakafuni, mikono mezani, vile vifaa vya mbao, mtu mmoja na sufuria. Jina hilo linatajwa zaidi ya mara hamsini. Msomaji alikuwa akinyanyua kiganja na kusubiri mpaka kelele ziishe, kwa kuwa sheria inadai kila neno lisikike. Likikupita moja, hujatimiza. Mzee aliyeketi mbele yangu alifuatisha kwa kidole kwenye kitabu chake na hakupiga kelele hata kidogo, akawa anawakemea wajukuu kwa macho. Kisha ikafika sura ya tisa, majina ya wana kumi wa Hamani. Kwenye gombo yameandikwa kwa namna yake, safu mbili zilizoachana, jina upande mmoja na neno la kuunganisha upande wa pili. Msomaji alivuta hewa akayataja yote kumi kwa pumzi moja, kama desturi inavyotaka, na alipomaliza shingo ilikuwa imemtoka mishipa.

Kelele hizo hazina aya ndani ya Esta. Asili yake iko mbali: Hamani anaitwa Mwagagi, Agagi alikuwa mfalme wa Waamaleki katika 1 Samweli 15, na Kumbukumbu la Torati 25 inaagiza kumbukumbu ya Amaleki ifutwe. Ndiyo maana fungu hilo la Kumbukumbu husomwa Sabato inayotangulia Purimu, na ndiyo maana wako waliozoea kuandika jina la Hamani kwenye soli ya kiatu wakalikanyaga hadi lifutike. Ukirudi kwenye 1 Samweli utakuta pia kwamba aliyemwacha Agagi hai ni Sauli mwana wa Kishi, na Mordekai naye ukoo wake unafikishwa kwa Kishi, Mbenyamini. Mwandishi hakuweka hayo majina kwa kupamba.

Mavazi ya kuigiza hayana aya. Yalishika kwa Wayahudi wa Ulaya karne nyingi zilizopita, na maelezo yakaja baadaye: Esta alificha kabila lake, Mungu mwenyewe kajificha katika kitabu. Vile vitafunwa vya pembe tatu vyenye mbegu tamu au jamu ndani navyo ni vya jikoni. Kuna anayesema ni kofia ya Hamani, wengine mfuko wake, na kwa Kiebrania wanaviita masikio yake. Usipoteze kikao kizima kutafuta nani yuko sahihi. Kula.

La pombe litaulizwa, hasa na vijana. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, ina kauli ya mwalimu Rava kwamba mtu anywe Purimu mpaka asiweze kutofautisha "alaaniwe Hamani" na "abarikiwe Mordekai". Wengi wananukuu hapo wanaishia. Mistari inayofuata inasimulia marabi wawili walioifanya karamu ya Purimu pamoja; mmoja alilewa akamchinja mwenzake, kesho yake akamwombea rehema akafufuka. Mwaka uliofuata alimwalika tena. Mwenzake akajibu kwamba muujiza hautokei kila saa.

Sura ya tisa usiiruke. Najua inarukwa, maana ina watu 75,000 waliouawa majimboni na siku ya pili ya mapigano Shushani iliyoombwa na Esta mwenyewe. Isome pamoja na 8:8: amri iliyotiwa muhuri wa mfalme haitanguki, kwa hiyo amri ya Hamani haikufutwa. Kilichowezekana ni amri ya pili, iliyowaruhusu Wayahudi kukusanyika na kujitetea. Kitabu kinarudia mara tatu kwamba hawakugusa nyara, ingawa waliruhusiwa, na hapo tena anakumbukwa Sauli, ambaye katika 1 Samweli 15 watu wake walichukua nyara za Waamaleki walizokatazwa. Bado idadi ile inawasumbua Wayahudi wengi, na wasomi wengi wanakiona kitabu kama hadithi iliyotungwa kwa ustadi kuliko kumbukumbu ya ikulu. Ahasuero hulinganishwa na Xerxes wa Kwanza, lakini hakuna maandishi ya Kiajemi yaliyopatikana yanayomtaja malkia Esta. Kwenye kundi letu wapo wanaokwazika na hilo. Mimi huliweka mezani kwa sauti ileile niliyosomea sura ya nne.

Siku hiyohiyo ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini Yerusalemu inasherehekea tarehe 15 wakati Tel Aviv wanasherehekea 14. Wa Shushani walipumzika siku moja baada ya wengine, na marabi wakaiweka miji iliyokuwa na kuta tangu enzi za Yoshua kwenye kundi la Shushani.

Malizieni na sura ya kumi, aya tatu tu, ambazo sijawahi kusikia zikihubiriwa. Aya ya kwanza: mfalme Ahasuero akatoza kodi nchi yote na visiwa vya bahari. Baada ya yote hayo! Sikukuu nyingine za ukombozi huimbiwa Haleli, yaani zaburi za kusifu, Purimu haina. Talmudi inatoa sababu zaidi ya moja, na ya Rava ni kwamba waliotoka Misri hawakuwa tena watumwa wa Farao, "bali sisi bado ni watumwa wa Ahasuero."

Anayetaka kuiona Purimu bila kupanda ndege ya mbali, Nairobi kuna sinagogi la miaka mingi, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Omba ruhusa mapema, maana huingii tu kama sokoni, na uliza kuhusu picha kabla ya kutoa simu. Tarehe nayo ithibitishe kila mwaka. Kalenda yao huongeza mwezi mzima miaka 7 katika kila 19, na mwaka huo kunakuwa na Adari mbili, Purimu ikiwa kwenye ya pili. Mwaka 2027 ni mmojawapo: usomaji wa kwanza utakuwa jioni ya tarehe 22 Machi.